Kuendesha mradi kama taasisi ya muda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimesimamia miradi kwa miaka kumi na minane: saiti za ujenzi, mashirika yasiyo ya kiserikali na, mara mbili, benki. Maswali yaliyopo hapa nimeulizwa na vijana niliofanya nao kazi, na wakubwa waliotaka kujua kwa nini mradi wao umekwama wakati pesa ipo. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana.

Kwani mradi ni taasisi? Si ni kazi tu yenye bajeti na tarehe ya mwisho?

Umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi? Basi taasisi ya muda unaijua. Jumapili jioni wanakutana watu ishirini, wengi wao hawajuani: shemeji wa bwana harusi, mfanyakazi mwenzake, jirani, baba mdogo aliyetoka Moshi. Kikao hakijaisha, tayari kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kamati ndogo za chakula, ukumbi, usafiri na mapambo. Kuna bajeti. Kuna daftari lenye safu mbili, ahadi na taslimu. Kuna kundi la WhatsApp. Wiki kumi baadaye harusi inafanyika, watu wanakaa tena mara moja, mapato na matumizi yanasomwa, na kamati inavunjwa. Hakuna aliyetarajia kwamba kamati hiyo itakuwepo mwakani.

Mradi una umbo hilohilo. Mwaka 1995 wasomi wawili wa Sweden, Rolf Lundin na Anders Söderholm, walieleza kwamba taasisi ya muda hushikiliwa na mambo manne: muda, kazi, timu, na mabadiliko ambayo imeundwa kuyaleta. Kwangu mimi zito kuliko yote ni muda. Idara ya mauzo hailazimiki kufikiria kifo chake. Mradi unazaliwa na tarehe ya kufa ikiwa imeshaandikwa kwenye mkataba, na mengine yote, namna unavyoajiri, unavyonunua gari, unavyotunza kumbukumbu, yanatakiwa kuifuata tarehe hiyo.

Basi kosa linaloua miradi mingi ni lipi?

Kuiendesha kama idara ndogo. Msimamizi amepewa miezi kumi na minne. Mitatu ya kwanza inaisha kwenye kutafuta ofisi, kuandika mwongozo wa likizo na kugombania nani akae chumba chenye kiyoyozi. Mwezi wa nne ndio anaajiri. Mwezi wa sita timu ndiyo inaanza kuelewana, na hapo karibu nusu ya uhai wa mradi imeshatumika. Kwenye ofisi ya kudumu mwezi uliopotea hulipwa na mwezi unaokuja. Kwenye mradi mwezi uliopotea ni sehemu ya mwili iliyokatwa, hairudi.

Kosa la pili ni la upande wa mwisho: mradi hauvunjwi. Hilo nitalieleza kwa kirefu chini, maana ndilo lililoniumiza mimi mwenyewe.

Watu wangu wote wameazimwa kutoka idara nyingine. Nani bosi wao?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa kwenye mabenki, kampuni za simu na viwanda, ambako mradi unaundwa ndani ya taasisi kubwa inayoendelea na shughuli zake.

Kwenye benki moja tulikuwa tunahamia mfumo mpya wa kompyuta. Kila tawi kubwa lilitoa mtu mmoja. Tukampata dada mmoja, ofisa mikopo, ambaye alikuwa na jicho la kuona akaunti zenye kasoro: mteja mmoja mwenye akaunti tatu, kila moja jina limeandikwa kivyake, Mohamed, Mohammed na Muhamadi, tarehe ya kuzaliwa ileile. Alikaa na orodha hizo kuanzia asubuhi mpaka jioni akiwa na kalamu nyekundu na rula, anashuka mstari kwa mstari. Saa tano meneja wa tawi anapiga simu: kuna mteja anamsubiri. Saa nane anapiga tena. Dada anainuka, anapanda bodaboda, anakwenda, anarudi saa kumi, anaendelea mpaka saa mbili usiku. Miezi saba alifanya hivyo. Siku ya kuwasha mfumo, tawi lake ndilo lililoanza bila malalamiko ya wateja. Mwisho wa mwaka ikaja tathmini ya utendaji. Aliyeijaza ni meneja wa tawi, na aliandika kwamba mikopo aliyotoa imeshuka na mara nyingi hayupo kazini. Alikosa bonasi.

Lile lilikuwa kosa langu. Sikuwa nimekaa na meneja yule siku ya kwanza tukaandikishana. Tangu hapo sipokei mtu wa kuazima kabla ya kuwa na karatasi ya ukurasa mmoja yenye sahihi tatu: yake, ya mkuu wake na yangu. Karatasi inasema ni siku ngapi za wiki ni za mradi, na inazitaja kwa majina, Jumatatu hadi Jumatano, kwa sababu "asilimia sitini" haimzuii mtu kupiga simu saa tano. Inasema nani anaidhinisha likizo. Inasema tathmini ya mwaka itajazwa na sisi wawili. Na inasema atarudi kwenye kiti gani. Hicho cha mwisho watu wengi wanakiona kidogo, lakini mtu asiyejua atarudi wapi hufanya kazi ya mradi huku akiangalia nyuma.

Mkuu wa idara akikataa kusaini, usimlazimishe. Mpelekee mwenye mradi, yaani mkubwa anayelipia na anayetaka matokeo, awaamulie. Ikiwa naye hataki kuamua, umeshajua mapema kwamba mradi wako hauna mwenyewe.

Watu hawajawahi kufanya kazi pamoja. Wataaminiana vipi kwa muda mfupi?

Wanaaminiana kwa sababu ya kazi, kabla hawajajuana kwa tabia. Nenda saiti yoyote asubuhi ya kumwaga zege. Fundi nondo hamjui fundi seremala aliyepiga mbao za zege, wamekutana wiki iliyopita. Lakini kila mmoja anajua mwenzake anatakiwa kufanya nini, kwa hiyo anamkopesha imani kwanza, kisha anaikagua kwa macho. Watafiti watatu wa Marekani, Debra Meyerson, Karl Weick na Roderick Kramer, waliliandikia jambo hili mwaka 1996, wakaliita kuaminiana kwa haraka. Mafundi wetu walikuwa wanaliishi zamani.

Maana yake kwako msimamizi ni kwamba wiki ya kwanza usiimalizie kwenye hotuba za umoja. Gawa majukumu mpaka yasiwe na ukungu: nani anaamua, nani anaulizwa, nani anaambiwa tu. Halafu wape kazi ndogo ya kumaliza pamoja ndani ya siku kumi. Watu wawili waliomaliza kitu pamoja hawahitaji kufundishwa kuaminiana. Na imani ya aina hii, kwa kuwa ilitolewa kwa mkopo, huvunjika mara moja. Mtu akikosa mara mbili bila kusema, mbadilishe mapema, wengine wote wanakuangalia utafanya nini.

Mradi mkubwa uanzishiwe kampuni yake?

Inategemea nani anabeba hasara na mradi utaacha nini nyuma yake.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Kwa ajili yake iliundwa kampuni, EACOP, ambayo TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Nchi mbili, sheria mbili, wanahisa wanne: hakuna idara ya kampuni yoyote ambayo ingebeba hilo. Lakini angalia kuna uhai wa aina ngapi ndani yake. Kampuni yenyewe itaishi muda wote mafuta yatakapokuwa yanapita. Kambi za wajenzi njiani zina uhai wa ujenzi tu. Na kule Sojo, wilaya ya Nzega, kilijengwa kiwanda kizima cha kuyavika mabomba tabaka la kuhifadhi joto, kwa sababu mafuta yale ni mazito na huganda yakipoa. Kiwanda kizima kwa ajili ya bomba moja! Yeyote anayesimamia kitu kama hicho anatakiwa kujua tangu mwanzo ni kipi kitabaki na kipi kitang'olewa.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilikwenda njia nyingine. Mwenye mradi alibaki TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ambalo ni la kudumu. Waliojenga ni kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, zilizoungana kwa ubia na kusaini mkataba Desemba 2018. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi mapema mwaka 2024, na yote tisa, kila mmoja megawati 235, inafikisha megawati 2,115. Ubia wa wakandarasi ulikuwa wa muda, lakini umeme na gharama vilikuwa na mwenyewe aliyekuwepo kabla na atakayekuwepo baadaye. Kwa serikali na mashirika ya umma, mimi napendelea njia hii. Kampuni mpya kwa kila mradi huzaa bodi mpya, na bodi haijivunji yenyewe kirahisi.

Kenya sheria imelitambua jambo hili wazi. Mkandarasi wa kigeni husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwa ajili ya kazi maalumu, akiahidi kwa maandishi kwamba sehemu isiyopungua asilimia 30 ya thamani ya kazi ataifanya na wenyeji, kwa kuwapa au kwa kushirikiana nao. Kazi ikiisha, na usajili umefika mwisho wake.

Sisi ni shule ya kijijini, tunajenga madarasa kwa fosi akaunti, yaani tunanunua vifaa na kulipa mafundi wenyewe bila mkandarasi. Haya mambo yanatuhusu?

Yanawahusu kuliko mtu yeyote! Ninyi mna taasisi tatu za muda kwenye eneo moja la shule: kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, na kamati ya ukaguzi na mapokezi. Mkuu wa shule, ambaye alisomea kufundisha hesabu au historia, ghafla ni msimamizi wa mradi, na ratiba ya vipindi ipo palepale.

Mwaka 2021, kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa wakati wa UVIKO-19, Tanzania ilijenga madarasa 15,000 ndani ya miezi michache: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo za msingi zilizo chini ya shule mama, shilingi milioni 20 kwa kila darasa. Fikiria ni kamati ngapi zilizaliwa nchi nzima kwa wakati mmoja, za wakulima, walimu, wauza duka na wastaafu. Hakuna kampuni ya ujenzi nchini ambayo ingefika kote huko kwa pamoja.

Nilikwenda kuangalia moja ya saiti hizo kwa siku chache. Lori la matofali lilipofika, dereva alitaka risiti isainiwe haraka aondoke. Mama mmoja wa kamati ya mapokezi, kanga kiunoni, alimwambia asubiri. Akachagua tofali kutoka katikati ya lori, siyo la juu, akalishika usawa wa kiuno na kuliachia likaanguka kwenye ardhi ngumu. Likapasuka vipande vitatu. Akachukua la pili, likapasuka. La tatu likabaki zima. Akahesabu, akafikiri, akasema: "Rudi nayo. Mawili kwa matatu hapana." Fundi mkuu alinung'unika kwa sababu kazi ingesimama siku hiyo, na mwalimu alikuwa na simu ya halmashauri sikioni inauliza wamefikia wapi. Mama hakuyumba. Angekuwa yuko chini ya fundi, au chini ya aliyenunua, lori lingeshushwa. Ndiyo maana kamati zinatakiwa kuwa tatu: anayenunua asiwe anayepokea, na anayepokea asiwe anayejenga. Mkizichanganya ili "kuokoa muda", mmeiondoa ile sauti iliyosema rudi nayo.

Ushauri wangu kwenu: mwalimu asiachwe peke yake. Mpeni katibu wa mradi, kijana aliyemaliza kidato cha sita anatosha, atunze leja na picha za kila siku. Na siku mtakapokabidhi jengo, ziiteni kamati zote tatu, someni hesabu mbele ya mkutano wa kijiji, kisha tamkeni kwamba kamati zimevunjwa.

Wafanyakazi wa mradi tuwape mikataba ya aina gani?

Mkataba unaofanana na kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatambua mkataba wa kazi maalumu, unaoisha kazi hiyo inapoisha. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kibarua wa kutwa. Wasimamizi wengi hulishtukia hilo wanaposhtakiwa.

Usimwite mtu kibarua mwezi wa nane. Na usimdanganye kwamba "tutaona huko mbele" wakati unajua hakuna huko mbele. Mwambie tarehe. Watu wazima wanaweza kuipokea tarehe, wanachoshindwa kupanga maisha yao nacho ni fununu.

Kwa nini wafanyakazi wa miradi ya wafadhili huondoka miezi sita kabla ya mwisho?

Kwa sababu wana akili timamu na wana ada za watoto. Mradi wa miaka mitatu wa afya au kilimo ukifika mwaka wa tatu, kila mtu anasoma matangazo ya kazi. Anayepata mapema kwa kawaida ndiye mzuri zaidi. Unabaki na ripoti ya mwisho na mtu asiyejua takwimu za mwaka wa kwanza zilitoka wapi.

Dawa ninayoijua ni kutenga kwenye bajeti, tangu andiko la mradi, malipo ya kumalizia kwa anayebaki mpaka siku ya mwisho, na kuongea mapema na mashirika jirani kuhusu watu wako. Wafadhili wengine hukataa mstari huo wa bajeti. Pigania. Nimewahi kuupata mara mbili na mara zote mbili mradi ulifungwa na watu walioufungua.

Kuna kifo kingine, cha ghafla. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na miradi mingi ya afya na chakula Afrika Mashariki ilipokea amri ya kusimamisha kazi. Wahudumu walikuwa na dawa kwenye makabati na wagonjwa wenye miadi. Sikuwa kwenye mradi wowote kati ya hiyo, lakini marafiki zangu walikuwepo, na walichonisimulia kimebadilisha ninavyopanga: sasa kila mradi wangu una ukurasa unaosema, tukifungwa kesho asubuhi, nani anapigiwa simu kwanza, mgonjwa au mkulima anahamia wapi, na funguo zinakwenda kwa nani.

Tamasha, mashindano, sensa: nazo ni miradi?

Ndiyo, na zina somo lake. Sauti za Busara, tamasha la muziki, imekuwa ikifanyika Zanzibar karibu kila Februari tangu mwaka 2004, na kwa miaka mingi Ngome Kongwe ndiyo ilikuwa kitovu. Muda mrefu wa mwaka ni ofisi ndogo. Tamasha linapokaribia inavimba: mafundi sauti, walinzi, wapishi, wa kujitolea, madereva wa wasanii. Wiki moja baadaye inanywea. Taasisi ya aina hii inapumua, na kumbukumbu zake zinakaa kwenye ile ofisi ndogo isiyolala.

CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya soka ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, haikuwa na raha hiyo. Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano yaliyoanza uwanja wa Benjamin Mkapa tarehe 2 na kuisha Kasarani tarehe 30, nchi tatu kwa mara ya kwanza. Kwa bahati njema AFCON ya 2027 inazihusu nchi hizohizo. Kwa hiyo kila orodha ya tiketi, kila ramani ya mageti na kila kosa la usafiri lililoandikwa vizuri mwaka 2025 ni mtaji.

Sensa ya Agosti 2022 nchini Tanzania ilihesabu watu 61,741,120. Makarani wake walirudi makwao baada ya siku chache, na vishikwambi walivyotumia vikapelekwa kwa walimu. Huo ndio mfano ninaoupenda wa kufikiria mali ya mradi itakwenda wapi.

Tunatakiwa kutumia programu gani ya kompyuta?

Ile ambayo fomeni wako ataifungua bila kuombwa. Nimeona miradi mizuri iliyoendeshwa kwa leja ya karatasi na ubao wa chaki, na nimeona ratiba ya rangi saba ambayo hakuna aliyewahi kuisoma zaidi ya aliyeichora.

Je, kuna mradi ambao haupaswi kufa?

Upo, na kuutambua ni kazi ya mwenye mradi kuliko yako. M-Pesa ilianza Kenya Oktoba 2005 kama jaribio la kuwawezesha wateja wa mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Watu waliokuwa kwenye jaribio wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom wakaona, na Machi 2007 wakaizindua kama huduma ya kutuma pesa. Jaribio likageuka shughuli ya kudumu, likapewa muundo wa kudumu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: mradi unafungwa kama mradi, na kinachobaki kinazaliwa upya chini ya idara yenye bajeti yake.

Kinachonisikitisha ni mradi usiofungwa wala kupewa makao. "Awamu ya pili" isiyo na lengo. Kitengo cha mradi kilichoundwa kwa miaka miwili na leo kina miaka tisa, gari tatu na mkuu wa kitengo, na ukiuliza kinamalizia nini unaambiwa kinaratibu. Kila mwaka kinachukua watu wazuri wa idara zenye kazi.

Mradi unafungwaje?

Niliahidi kulieleza hili.

Tulijenga ghala la mazao, mkoa mmoja wa kusini. Ijumaa mgeni rasmi alikata utepe, tukala pilau, tukapiga picha. Jumatatu mhandisi wetu alikuwa ameshapangiwa saiti nyingine mkoa wa mbali. Mhasibu alikuwa amepata kazi. Mimi niliitwa makao makuu kuandaa zabuni mpya. Kila mtu alidhani mwenzake amebaki.

Nilirudi baada ya wiki tano kuchukua mashine ya kutengenezea zege. Nilimkuta mtunza stoo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kontena, leja mapajani. Mkataba wake ulikuwa umeisha, mshahara haukuingia, lakini hakuna aliyekuja kupokea funguo, na yeye aliona akiondoka vitu vitaibiwa na jina lake ndilo litakalotajwa. Nilifungua leja. Kila siku, kwa wiki tano, ameandika tarehe na maneno yaleyale kwa mwandiko ule wa kulala: hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka. Ndani ya kontena mifuko 61 ya saruji ilikuwa imeshika unyevu, imekuwa mawe. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuiuza ilipokuwa bado nzima. Mama ntilie aliyewalisha vibarua alikuwa anadai sahani za wiki tatu, naye amekuja kumuuliza yule yule mtunza stoo kila jioni, kwa sababu ndiye pekee aliyebaki wa kuulizwa.

Nilimlipa kwa pesa niliyokuwa nayo mfukoni na nyingine nikaipigania miezi miwili. Tangu siku hiyo kufunga kwangu huanza theluthi ya mwisho ya mradi. Kuna mstari wa bajeti unaoitwa kufunga, na haukopwi kumalizia rangi. Kuna watu wawili wanaobaki kwa mkataba baada ya utepe, mmoja wa hesabu na mmoja wa vitu. Kila kifaa kina jina la atakayekipokea, na saruji inayozidi inauzwa au kupewa shule ya jirani kwa maandishi ikiwa bado saruji. Wadai wadogo wanalipwa kabla ya wakubwa: mama ntilie, mwenye bodaboda, aliyetukodisha choo. Mwenye duka kubwa la vifaa ana mwanasheria, yeye atakupata popote.

Kwenye ujenzi kumbuka pia kwamba makabidhiano ya kwanza si mwisho. Kinafuata kipindi cha uangalizi wa kasoro, mara nyingi mwaka mmoja, na sehemu ya pesa ya mkandarasi inazuiliwa mpaka kiishe. Timu haipo tena, lakini nyufa zitatokea wakati huo. Andika mapema ni nani atakayekwenda kuziangalia, kwa jina lake na namba yake ya simu.

Kisha fanya kikao cha kuvunja. Kiwe na chakula. Soma hesabu, taja waliofanya kazi kwa majina, kusanya funguo mbele ya watu. Kamati za harusi hazijawahi kuona aibu kufanya hivyo.

Ujuzi tulioupata unabaki wapi timu ikitawanyika?

Kwenye vichwa vya watu, kwa sehemu kubwa. Ripoti ya mwisho yenye kichwa "mafunzo tuliyopata" husomwa na mkaguzi. Ninachofanya ni kumwomba kila mkuu wa sehemu aandike kurasa mbili kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule atakayefanya kazi kama yake mwakani. Mtu akimwandikia mwenzake husema ukweli, kwamba njia ya kule haipitiki Machi na Aprili, kwamba nondo za muuzaji fulani huja pungufu. Na nina daftari langu la majina: nani alifanya nini, wapi, na ningemchukua tena kwa kazi gani.

Na msimamizi mwenyewe, mradi ukiisha anakwenda wapi?

Kwenye ofisi yenye miradi mingi, muulize mkubwa wako swali hili miezi minne kabla, kwa sauti, maana wao huwa wanadhani wewe ni wa kudumu. Ukiwa wa kujitegemea, tenga akiba ya miezi mitatu kwenye kila mkataba, kwa sababu kati ya mradi na mradi kuna ukimya, na ukimya huo humfanya mtu akubali kazi asiyoiweza.

Usianze peke yako. Mwaka jana nilipewa saiti mpya karibu na Kibaha. Kabla ya kumtafuta mhandisi nilifungua daftari, nikampigia yule mtunza stoo wa ghala. Aliitambua sauti yangu. Baada ya salamu na habari za watoto aliuliza jambo moja tu: "Ni ya miezi mingapi, bosi?"

Nikamwambia kumi na mmoja, na wa kumi na mbili wa kufunga, umo kwenye mkataba.

"Basi nakuja na godoro," akasema.